Viti vya Chekechea

Nilianza kuulizia msimu wa kupogoa,
mkasi mkononi, nyuki kichwani.
Ndahani, msimamizi wa shamba kule Hombolo,
alinipa ruhusa ya wiki moja:
"Nenda katafute watu wako,
maana mizabibu unaikata kama inakudai."

Watu wangu.
Kana kwamba wana chanjo begani.

Niliambiwa wapo Area C, jioni, saa kumi na moja.
Wanaume tisa na jagi la maji.
Waliposimama kunipisha kiti
mmoja wao, mpole kweli, akauliza,
"Mzee umemwacha nje, mama?
Mwambie aingie, hapa hatuli mtu."
Nikatazama mlango.
Nikasema anakuja, amesimama kununua vocha.
Nikakaa saa nzima nikimsubiri mume nisiye naye,
nikanywa maji yao, nikaaga.
Usiku ule nililewa kwa niaba yake pia.

Nkuhungu walinipokea kwa matarumbeta.
"Pepo la pombe, toka!"
Lilitoka, nadhani.
Lilinisubiri getini, likanibebea mkoba.
Sisemi Mungu hakuwepo.
Nasema hakuna aliyeniuliza
nimekula nini tangu juzi,
wala mikono inaanza kutetemeka saa ngapi.

Kisha namba niliyopewa na muuza vitumbua:
Kizota, Jumanne, chumba cha chekechea
nyuma ya ghala la alizeti, karibu na reli.
"Kiingilio?"
"Njoo tu."

Njia ya kwenda huko inapita vilabu viwili.
Cha kwanza wanachuja pombe ya uwele, nikapita.
Cha pili ni cha wanzuki, na pale wananijua.
"Dada Mapovu! Leo umetususa?"
Nikavuka barabara. Vumbi likanisaidia:
upepo wa Dodoma ukiamua
unamficha mtu hata kwa wanaomdai.

Nikakuta chumba kitupu.
Ilikuwa Jumatano.
Siku za mlevi ndivyo zinavyokaa,
zimelaliana kama viazi guniani.

Mwanamke mmoja alikuwa anadeki,
ndoo ya bluu, kanga kiunoni.
Sikumwambia nimefuata nini.
Akaitazama mikono yangu.
"Ya ngapi leo?"
"Ya pili."
"Ya pili inauma kuliko ya kwanza."
Akaegemeza dekio ukutani.
"Mimi Sechelela. Nina miaka sita, na leo."

Tukakaa kwenye viti vya watoto,
magoti yakitugusa kidevu,
mijitu mizima miwili.
Treni ikapita, madirisha yakagonga meno,
na mimi nikagonga yangu, hakuna aliyesikia.
Ukutani, herufi za rangi:
a andazi, b bata,
na mwisho kabisa, karibu na kona, z zabibu,
kichala cha zambarau
ambacho mchoraji alikijaza mpaka nje ya mstari.

Nilicheka. Halafu haikuwa kucheka tena.
Miaka kumi na mitatu nazichuma mchana,
usiku nazifuata zilikokwenda.

Sechelela akageuka, akaiona.
"Hata mimi ilinisumbua.
Niliomba wachore zeze.
Mwalimu akakataa, eti watoto wa hapa
zabibu ndiyo wanayoijua."

Nikasema basi, nitarudi Jumanne.
"Jumanne ni mbali," akasema.
"Kuna dekio jingine nyuma ya mlango.
Wewe anzia dirishani."

Nikaanzia dirishani.
Maji yakawa mekundu mara moja.
Nikayamwaga nje, nikateka mengine.